Onyesho Moja, Kukaa ni kwa Hiari

Santa Brígida del Monte
6 Februari 2023

Mwanangu Maura,

Mama yako amenipa ujumbe wako kwamba kuanzia sasa tuandikiane kwa karatasi. Sikuuliza kwa nini. Mtu wa umri wangu akiambiwa aandike barua haulizi sababu, anatafuta kalamu. Hii nitampa dereva wa basi la asubuhi, naye ataiacha kituoni huko, kwenye dirisha la mizigo, jina lako juu.

Habari za hapa ni wewe. Nikienda kununua mkate, ni wewe; nikienda kunyolewa, ni wewe. Tangu uondoke na kamera zako, kila aliyepita mbele yazo, hata kama alionekana mgongo tu, anajiita mwigizaji. Muuza nyama amekataa kunyoa masharubu kwa sababu ndani ya filamu anayo. Anasema watu wakimwona kwenye pazia ana masharubu, kisha wamkute dukani hana, watadhani amekufa na huyu ni mdogo wake. Mama yako anasema yeye hajali, lakini ameshona gauni.

Wote wanauliza jambo moja: lini? Nami nawajibu kama ulivyowaahidi siku ya mwisho ya kupiga picha, umesimama juu ya kiti cha safu ya kwanza humu ndani: kwamba wataiona hapa kwanza, katika Sinema Aurelia, kabla ya mtu mwingine yeyote duniani. Nimewaambia Juma Kuu, watu wetu walioko Monterrey na ng'ambo ya mpaka wanaporudi. Nimeshampa mchoraji kazi ya ukuta wa nje. Herufi nyekundu: MAJI YA JUMATATU, na chini yake jina lako.

Bi Socorro hajambo. Jengo la sinema ni lake, mimi naiendesha tu, kwa hiyo ananipigia kelele kuhusu paa kama kawaida. Hakuna jipya.

Baba yako wa ubatizo,
Anselmo Quiroga


Jiji la Mexico
14 Februari 2023

Baba,

Shikamoo. Nimekuomba karatasi kwa sababu simu niliyo nayo na anwani yangu ya barua pepe ni mali ya kampuni, na kuna mambo nimetia saini kwamba sitayazungumza. Usishtuke. Ndivyo wanavyofanya kazi hawa watu wa filamu za mtandaoni.

Filamu imekamilika. Sauti imekaa vizuri. Malori ya maji yakija unayasikia mbavuni kabla hujayaona. Mama yangu, pale anapolala barabarani mbele ya lori na wenzake, amenitoa machozi hata mimi niliyemwambia alale.

Kuhusu Juma Kuu, nakuomba usiharakishe. Ratiba haiko mikononi mwangu peke yangu. Mwambie mchoraji asubiri kidogo. Na muuza nyama anyoe, nitambembeleza mwenyewe.

Maura


Santa Brígida del Monte
21 Februari 2023

Mwanangu,

Ukuta umeshachorwa. Mchoraji wetu ni mvivu kwa kila kazi isipokuwa ile unayotaka aiache.

Jana mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea gazeti. Limeandika kwamba Maji ya Jumatatu itatoka Jumatano ya Juma Kuu, tarehe tano Aprili, katika nchi zaidi ya mia moja, “moja kwa moja majumbani.” Nimefundisha fasihi sehemu kubwa ya maisha yangu, kule kwetu Chile na hapa, na najua sentensi inapofunga mlango polepole ili usisikie kishindo.

Ulikuwa unalijua hili ulipoandika neno “ratiba”?

Mama yako alisoma gazeti akiwa nyuma ya bega langu. “Kwa hiyo,” akasema, “nitajitazama kwenye simu hii iliyopasuka kioo? Nitakuwa mdogo kama kidole?” Nikamwambia atulie. Akaniambia nitulie mimi.

Niandikie ukweli, Maura. Mimi si mwandishi wa habari.

Anselmo


Jiji la Mexico
1 Machi 2023

Baba,

Ndiyo, nilijua.

Tulipomaliza kupiga picha hatukuwa na njia ya kuimaliza filamu. Ilikaa ndani ya boksi, bila sauti, wanawake wa kwetu wakifungua midomo kama samaki. Nilizunguka kwa wenye majumba makubwa ya sinema. Mmoja aliniambia, “Binti, nani atatoka nyumbani kuja kuona akina mama wakizuia malori? Kwetu hilo tunaliona barabarani bure.” Kampuni ndiyo iliyoitaka. Na si hii tu. Wameniahidi filamu ya pili, iwapo nitashika masharti ya hii bila kasoro.

Sasa unaniandikia kama niliyeuza mtoto. Basi nikuulize: mara ya mwisho ukumbi wako kujaa ilikuwa lini? Nilipokuja mwaka juzi ulikuwa unaonyesha filamu nzuri kabisa kwa watu ambao ningeweza kuwarudisha makwao wote kwa teksi moja. Popo walikuwa wengi kuliko watazamaji, na popo walikuwa wasikivu zaidi. Mama yangu, huyo anayekulalamikia, hutazama filamu huku akikaanga, simu imeegemea chupa ya mafuta. Ikimchosha anaizima, anafungua nyingine. Hakuna aliyemlazimisha.

Halafu kuna kitu hunielezi. Ungekuwa na huzuni tu ungeniandikia kurasa nne kuhusu sinema za ujana wako Valparaíso. Umeandika nusu ukurasa. Hiyo ni hofu. Kwa nini lazima iwe Juma Kuu?

Maura


Santa Brígida del Monte
8 Machi 2023

Mwanangu,

Umenisoma vizuri. Nilikufundisha mwenyewe, sina wa kumlaumu.

Januari alikuja mtu wa duka la kuuza majokofu na pikipiki kwa malipo ya kidogo kidogo. Alikuwa na utepe wa kupimia. Akaupima ukumbi wote bila kuvua kofia. Siku iliyofuata Bi Socorro akaniita barazani kwake.

“Keti, Mchile,” akasema. Nimezeeka katika mji huu, bado ni Mchile. “Nauza.”

“Unauza nini?”

“Nauza mananasi! Jengo, mzee wewe. Eti nauza nini.”

Nikamwambia kwamba mumewe, aliyelijenga na kuliita kwa jina la mama yake, angesikitika.

“Mume wangu yuko makaburini, na huko paa halimvujii. Usiniletee maneno, maneno unayo mengi, niletee watu. Juma Kuu zima, tangu Jumapili ya Matawi hadi Pasaka. Nikiona ukumbi una watu wiki nzima, huyu wa majokofu namrudisha kwao. Nikiona viti vitupu, Pasaka ikipita tu natia saini.”

Hiyo ndiyo sababu. Hakuna filamu nyingine duniani ambayo mji huu ungetoka nyumbani kuja kuiangalia wiki nzima. Ni hiyo yenye nyuso zao. Sikukwambia kwa sababu sikutaka ufanye kazi ukiwa umebeba jengo mgongoni. Sasa naona nilikunyima nafasi ya kulipigania.

Wiki moja, Maura. Waombe wiki moja. Baada ya hapo waipeleke hata mwezini.

Anselmo


Jiji la Mexico
17 Machi 2023

Baba,

Nimewaomba wiki. Walicheka kwa adabu, kama mtu anayemcheka mtoto wa mwenye nyumba.

Wakili wao anaitwa Bettina Oropeza, amekulia Miami, Kihispania chake kimenyooka kama kilichopigwa pasi. Si mtu mbaya. Nilimweleza kuhusu ahadi niliyoitoa juu ya kiti, akaenda kupambana na wakubwa wake, akarudi na hiki: onyesho moja, katika ukumbi mmoja, Santa Brígida, kuanzia adhuhuri ya Jumapili ya Matawi. Moja tu. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikatia saini.

Sikia kituko. Aliniomba maandishi yoyote yenye masharti ya kuingia ukumbini, ayaweke kwenye mkataba. Kwenye pochi nilikuwa na tiketi yako ya zamani, ile ya rangi ya waridi. Nikampa. Akaisoma, akafurahi sana. “Kukaa ni kwa hiari! Hii inatukinga vizuri. Mtu akiugua humo ndani, au akiichukia filamu, alikaa kwa hiari yake.” Akayachukua maneno kama yalivyo. Sasa kifungu cha nne kinasema: “Onyesho moja, kukaa ni kwa hiari, kwa mujibu wa desturi ya ukumbi.”

Kwa kuwa mashine yako ni kuukuu na haisomi nakala zenye kufuli la kuzuia wizi, nimepewa ruhusa ya kukutumia iliyo wazi, na mimi ndiye mdhamini. Ikionyeshwa kinyume na kifungu cha nne, wanaonishika ni mimi.

Najua onyesho moja si wiki. Nisamehe. Angalau mama atajiona mkubwa.

Maura


Santa Brígida del Monte
24 Machi 2023

Mwanangu,

Nakala imefika salama. Nimeijaribu kwenye mashine kwa kile kipande cha malori tu, nikaizima. Kilichobaki nitakiona pamoja na wenzangu.

Kisha nikakaa na kifungu chako cha nne. Nakuomba ukisome tena, polepole, si kama mtu wa Jiji la Mexico bali kama mtoto wa Fidencia. Kwetu sisi onyesho ni nini?

Mama yako alikuleta hapa ukiwa hujanifika kiunoni. Mliingia katikati ya filamu, bwana harusi ameshakufa, hamjui nani kamuua. Mkakaa. Filamu ikaisha, taa hazikuwashwa, ikaanza upya, mkauona mwanzo wake, mpaka mama yako akakushika mkono: “Hapa ndipo tulipoingilia, twende.” Ukagoma. Ukakaa ukaangalia tena, na hakuna aliyekudai tiketi ya pili. Filamu ilizunguka na kuzunguka. Onyesho lilikuwa moja. Lilianza nilipofungua mlango, likaisha nilipoufunga. Hiyo ndiyo desturi ya ukumbi, na wakili wako ameitia ndani ya mkataba kwa mkono wake mwenyewe.

Usidhani nachezea maneno. Nilifika nchi hii mwaka 1974 na sanduku moja. Maandishi ya kwanza ya hapa ambayo hayakutoka mezani kwa afisa yalikuwa hayo ya kwenye tiketi. Kukaa ni kwa hiari. Niliyasoma nikiwa nimesimama mlangoni mpaka mtu wa nyuma yangu akanisukuma. Nimeyachukulia kwa uzito tangu siku hiyo.

Nikifungua mlango Jumapili ya Matawi nisiufunge hadi Pasaka, mchana na usiku, ni onyesho moja. Lakini aliyetia saini ni wewe. Ukikataa, nitaonyesha mara moja, nitafunga, na sitakulaumu wala moyoni. Nijibu. Nisipopata jibu kufikia Jumapili hiyo, nitajua umekubali.

Anselmo


Jiji la Mexico
29 Machi 2023

Baba,

Usithubutu.

Watanipeleka mahakamani. Filamu ya pili itakufa kabla haijazaliwa, na hakuna atakayenipa kazi tena. Bettina si mjinga. Alikosea neno, na mtu aliyekosea neno ndiye anayekasirika kuliko wote. Onyesha mara moja, funga, nenda ukalale.

Najua onyesho ni nini. Usinifundishe.

Maura


Santa Brígida del Monte
4 Aprili 2023

Mwanangu Maura,

Barua yako ya tarehe 29 nimeipata leo adhuhuri. Dereva aliiacha kituoni, na kwa fujo za wasafiri wa Juma Kuu dirisha la mizigo halikufunguliwa mpaka leo. Nilishakuficha jambo mara moja, kwa hiyo una haki ya kutoniamini. Muulize mama yako, alikuwa nami pale dirishani.

Onyesho liko siku ya tatu.

Jumapili walijaa hadi wakasimama ukutani. Uso wa mama yako ulipotokea, mkubwa kama nyumba, mtu wa nyuma akapaza sauti: “Fidencia! Umelipa bili ya maji?” Mama yako akasimama na gauni lake jipya: “Lipa wewe! Mimi ni mwigizaji!” Picha ikakwama kwa muda, na wote kwa pamoja wakanipigia lile kelele la zamani, “Cácaro! Cácaro!”, wanalomtupia mwenye mashine anaposinzia. Nilikuwa na muda mrefu sijatukanwa vizuri namna hiyo.

Muuza nyama amekwishajua saa anayotokea kila filamu inapozunguka. Anaacha duka, anaingia, anajitazama, anarudi kwenye nyama yake na aproni ya damu. Mahujaji wanaokwenda kwa miguu kwenye kanisa la mlimani wamelala kwenye viti vya nyuma na malengelenge yao. Wakiamka wanauliza imefika wapi, na kuna mtu wa kuwaambia.

Barua yako nikaisoma katikati ya hayo yote. Nikaitia mfukoni, nikasimama mlangoni. Bi Socorro akaja.

“Mbona umesimama kama uliyemeza msumari?”

“Maura anasema nifunge.”

Nikamweleza yote: wakili, kifungu, filamu ya pili.

“Basi funga,” akasema. “Mtoto kwanza. Lakini neno langu liko palepale, Mchile. Wiki ni wiki.”

“Najua.”

Nimeacha kuuza tiketi. Nitafunga kesho asubuhi, walio ndani watakapofika pale walipoingilia. Hiyo ni haki yao na siwezi kuwanyima. Mwambie wakili onyesho limekwisha, na kosa ni la mzee mmoja asiyejua sheria. Wewe tengeneza filamu yako ya pili. Hili ni jengo tu, na majengo nimeshayaacha mengi.

Anselmo


Jiji la Mexico
4 Aprili 2023, jioni

Baba,

Naomba Mungu uwe umechelewa kunitii.

Leo waliniita. Mtu wa hapo amepiga picha ya foleni akaiweka mtandaoni na maneno haya: “Siku ya tatu, onyesho lilelile.” Bettina alikuwa ameichapa, imelala mezani.

“Onyesho moja, Maura,” akasema. “Moja. Hawa wanasema siku ya tatu.”

“Ni lilelile.” Nilijisikia nikilisema.

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alifunga mlango wa ofisi, akachukua kalamu. “Nitakuuliza mara moja na jibu nitaliandika. Ukisema mzee huyo amevunja kifungu, tunatuma amri ya kufunga leo hii, wewe huna kosa, filamu ya pili inaendelea. Ukisema hajavunja, kosa ni langu mimi niliyekiandika, na wakubwa hawatafanya kazi tena na mtu aliyeniingiza kwenye kosa hilo. Umeelewa?”

“Nimeelewa.”

“Katika mji wenu, onyesho linaisha lini?”

Jibu la kuniokoa lilikuwa fupi: filamu ikiisha. Nje ya Santa Brígida hakuna ambaye angejua kwamba nimesema uongo. Nililifungulia mdomo hilo jibu, Baba. Lilikuwa tayari ulimini. Halafu nikaona kwamba nikilisema, siku yoyote nitakaporudi nyumbani, yeyote atakayenitazama usoni atakuwa analijua neno nililoliuza.

Nikasema, “Linaisha mlango ukifungwa.”

Akaandika. Akanigeuzia karatasi, nikatia saini.

Filamu ya pili haipo tena.

Kwa hiyo sasa ukifunga, utakuwa umenipotezea kazi bure, na mimi nitakuwa nimeapia onyesho lisilokuwepo. Usifunge. Usiuguse huo mlango. Nimekukasirikia hadi kalamu imetoboa karatasi, lakini usiuguse. Nampa dereva hii mkononi na nimemwambia ni dawa ya moyo.

Maura


Santa Brígida del Monte
11 Aprili 2023

Mwanangu Maura,

Dereva aliwaacha abiria wake ndani ya basi, akaja mbio. Aliponikabidhi bahasha alinikagua kifua.

Mlango wetu una mbawa mbili. Nilikuwa nimefunga mmoja. Nimelitafakari jambo hili kwa makini, na kwa maoni yangu mlango wenye ubawa mmoja wazi haujafungwa. Bi Socorro, niliyemwomba awe shahidi, anasema vivyo hivyo, na ameongeza neno ambalo sitaliandika.

Sasa nikupe ukweli wote, hata usiopendeza. Jumatano filamu ilipoingia majumbani, watu walipungua. Jioni nilipita mtaani nikaona madirisha yakimulika kwa mwanga uleule, nikasikia malori yako yakinguruma nyumba hadi nyumba, kila nyumba kwa wakati wake. Humu ndani walibaki mahujaji, bibi mmoja asiyependa kelele za wajukuu, na mama yako.

Alhamisi baadhi walirudi. Nikamuuliza muuza nyama ilikuwaje nyumbani.

“Nilijiona,” akasema.

“Basi?”

“Basi. Hakuna aliyenipigia kelele.” Akakata tiketi.

Ijumaa Kuu, Bi Socorro akaja na mtandio mweusi. Haiwezekani sinema ichezwe siku aliyokufa Bwana, akasema. Nikamjibu kwamba tukizima tukafunga, onyesho limekwisha. Alifikiri akiwa ameshika rozari. “Zima sauti,” akasema. Kwa hiyo maandamano ya kimya yalipopita barabara yetu, ngoma moja tu ikilia, filamu ilikuwa inakwenda bila sauti na mlango uko wazi. Wanawake wa maandamano walitazama ndani bila kusimama. Nyuso zao zilikuwa kwenye pazia, wakiwa wamelala mbele ya malori, na wao wenyewe wakapita na mishumaa yao. Nimeangalia filamu maisha yangu yote; hilo sijawahi kuliona.

Jumapili ya Pasaka jioni nilifunga. Mbawa zote mbili.

Jana Bi Socorro aliniita. Mtu wa majokofu alikuwa amekaa sebuleni, kofia kichwani, karatasi zake mezani.

“Ukumbi haukujaa wiki nzima, Mchile.”

“Haukujaa.”

“Jumatano viti vitupu vilinitia aibu, kana kwamba nimeandaa harusi wageni wasije.”

“Najua.”

“Lakini kila nilipochungulia, mtu alikuwemo.” Aliligeuza hilo kama mtu aliyekuta kokoto kwenye wali, hajui ateme au ameze. “Kila nilipochungulia! Hata alfajiri nilipokwenda kanisani. Sasa nifanyeje na jambo kama hilo?”

Akamgeukia yule bwana. Atampangisha ukumbi mdogo wa mbele, pale tulipokuwa tukiuza mahindi ya kuchemsha, aweke majokofu yake. Ukumbi mkubwa unabaki kwangu hadi Juma Kuu lijalo. Baada ya hapo tutaongea tena. Bwana akasema kampuni yake haikumtuma kwa hilo. “Basi rudi kwa waliokutuma,” akasema Bi Socorro, “na uvue kofia, uko nyumbani kwa watu.” Akavua. Akakubali.

Kwa hiyo watu watapita katikati ya majokofu kwenda kuangalia filamu. Sicho nilichokiota. Nimekubali, nikasema ahsante.

Na wewe umepoteza filamu yako. Sina cha kukulipa, wala sitajifanya ninacho. Ulinikataza waziwazi, nami nilikuwa nimeshafungua. Gharama ukailipa wewe.

Naona aibu kuongeza hili, lakini huna mwingine wa kukuambia: ukumbi ninao, filamu ya wiki ijayo sina.

Baba yako,
Anselmo


Jiji la Mexico
14 Aprili 2023

Baba,

Simu ya kampuni nimeirudisha. Nina yangu sasa, namba anayo mama. Unaweza kunipigia kama binadamu wengine.

Bettina amenitumia ujumbe mmoja tu, kwa namba yake binafsi. Anauliza kama mtu anayeingia katikati huwa anaielewa filamu. Nimemjibu kwamba wengine hawaelewi, ila wanakaa.

Nina wenzangu wawili wenye filamu ambazo hakuna aliyezinunua. Moja ni nzuri. Nyingine ni nzuri na ndefu kupita kiasi; mahujaji wangeipenda. Nakuja nazo Jumatano kwa basi la asubuhi. Mwambie yule bwana asisogeze majokofu yake karibu mno, watu wapate njia.

Nitakaa dirishani nikate tiketi, maana kazi nyingine sina. Usinishukuru mbele ya watu, na usinishukuru tukiwa peke yetu. Bado nimekukasirikia, na nimepanga kuendelea angalau hadi Juni.

Maura